Nyuzi za Shaba Nilizozitema

Kahindo binti yangu,

Mambo ya unga, sabuni, sweta na misa ya Jumapili nimemwachia mama yako. Tangu asubuhi anakufuata nyumba nzima akikuambia yale yale, nawe unamjibu "ndiyo mama" kabla hajamaliza. Sweta lenyewe sijui utalifanyia nini kwenye joto la Beni, lakini lichukue. Akilikuta limebaki msumarini atalia, na mimi ndiye nitakayebaki naye hapa.

Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, jua bado halijazama, naandika katika kaye yako ya zamani ya shule, kwenye kurasa ulizoziacha. Nawasikia mkicheka jikoni na ninafurahi. Sikufichi, leo ni siku nzuri kwangu. Miaka yote hii ya vita watoto wa watu wametoka nyumbani wakikimbia, na wewe unatoka kwa miguu yako, mfuko umefungwa vizuri, unakwenda kujifunza kazi. Baba wangapi wameona hilo?

Lakini unanijua. Nikikaa mbele ya mtu na jambo zito liko katikati yetu, nafanya mzaha, mtu anacheka, jambo linapita. Ndiyo sababu naandika. Kesho nitakupa kaye hii ukiwa unapanda gari, uisome ukifika Bungulu, mtaa wako mpya pale Beni, kabla hujaufungua mzigo wako nyumbani kwa Papa Kasereka, fundi atakayekufundisha.

Nianze na lililo rahisi. Ndani ya mfuko wako, chini ya vitambaa, nimeweka koleo lako la kuvulia waya, ile pinsi tuliyoinunua wote wiki iliyopita. Nimeipaka tone la mafuta pale inapojikunja. Nilivyofurahi siku ile sokoni sijakuambia. Muuza vyuma alikuwekea mbele ile pinsi kubwa inayong'aa, yenye mashavu mawili, inayojishika na kujivuta yenyewe, nawe macho yakakutoka. Nikanyamaza kwa makusudi. Ukatoa mfukoni vipande vya waya ulivyokuja navyo, ule mwembamba wa taa na ule mnene wa prizi za ukutani, ukavijaribu kimoja kimoja juu ya meza yake. Waya wa taa ukateleza, koleo halikuukamata kabisa. Wa prizi ukavuliwa nusu, ganda likabaki limechanika kama muhogo uliomenywa na mlevi. Ukairudisha, ukachukua ile ndogo ya kawaida, yenye parafujo moja ubavuni.

Uliifunga ukainua kuelekea mlangoni, ukachungulia mwanga katikati ya meno yake uone kama vile vipengo viwili vinakutana sawa. Ulikuwa umeshazirudisha mbili za namna hiyo kabla ya kuipata hii. Yule muuzaji alichoka akaniambia, "Fundi, muko nachagua pinsi ao muko nachagua bibi?" Nawe ukamjibu, "Ni pinsi tunachagua. Kwa mambo ya bibi, papa alichaguliwaka." Soko zima lilicheka. Mama yako nilipomsimulia alicheka kuliko wote, maana ni kweli.

Kwa hiyo kuchagua unajua. Kutumia pia unajua, ila nitasema kidogo, kwa sababu mkono husahau unapokuwa na haraka. Usifungue parafujo kwa kukisia. Chukua kipande cha waya cha kutupa, kaza hadi koleo liume ganda bila kugusa shaba, kisha jaribu. Bana, zungusha nusu duara, legeza kidogo, ndipo uvute. Halafu itazame shaba penye mwanga. Ukiona mstari umeizunguka kama pete, umeijeruhi. Waya wa moyo mmoja ukijeruhiwa hivyo, ukunje pale mara tatu tu, utakatika mkononi mwako. Ule wa nyuzi nyingi ni mjanja zaidi, unakatika uzi mmoja mmoja, na zilizobaki zinaendelea kubeba mzigo wa wenzao bila kulalamika, mpaka siku zinaposhindwa. Ukiona hivyo, kata, uanze upya. Hata kama waya ni haba. Hasa kama waya ni haba.

Na ule mpira mwekundu wa kwenye mishikio usiuamini. Umewekwa ili mkono usiteleze. Zima groupe kwanza, jenereta inyamaze kabisa, kila siku, hata mwenye nyumba akinung'unika kwamba muziki umekatika.

Sasa nije kwenye meno yangu.

Mafundi wa Butembo wa umri wangu sote tulivua waya kwa meno. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema mkono wa kushoto unashika, wa kulia unavuta, na meno ni koleo ambalo Mungu alitupa bure. Tulijivunia. Fundi aliyetoa pinsi mfukoni tulimwona mgeni wa kazi, kama mtu anayekula fufu kwa uma. Ukiwa mdogo ulikuwa unasimama karibu yangu ukiniuliza, "Papa, juu ya nini unakulaka waya?" Shuleni ukawaambia wenzako kwamba baba yako chakula chake ni waya, na mwalimu wako alikuja kuniuliza kama nyumbani tunashinda njaa.

Halafu siku moja niliacha. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilinunua pinsi, na tangu siku ile waya haujapita tena kinywani mwangu. Mlipouliza, niliwaonyesha hili jino la mbele lenye pengo, nikasema lilikatikia kwenye waya, nimepata akili. Mmecheka jino hili miaka minne. Mimi nimecheka pamoja nanyi, na ndani yangu kila mara nimeona aibu.

Jino lilikatika miaka mingi kabla ya hapo, kwa mfupa wa mbuzi, arusini. Waya ni habari nyingine, na habari hiyo ni ya Papa Kasereka.

Wakati ule Papa Kasereka hakuwa bado na atelye ya radio na umeme unayokwenda kujifunzia. Alikuwa na phonie pale Bungulu, radio ya kupigia sauti, ndani ya chumba kimoja cha mbao. Simu za mkononi hazikuwepo. Mtu aliyekimbilia Beni akitaka kumjulisha ndugu yake aliye Manguredjipa au Butembo kwamba bado anapumua, alikwenda kwa Kasereka, akapanga mstari, akasema maneno yake machache. Watu walikuwa wakilia mle ndani, wengine wakicheka peke yao. Aliniita nimfungie phonie mpya aliyoipata, nami nikashuka kutoka Butembo na vyombo vyangu na meno yangu.

Barabara ya mpakani ilikuwa imefungwa kwa majuma, waya haukuingia. Nilikuwa na kipande kimoja tu cha waya mwekundu wa betri, wa nyuzi nyingi nyembamba. Ganda lake lilikuwa gumu. Nikalizungushia wembe, kisha nikauma na kuvuta. Ganda likatoka, na pamoja nalo nikasikia vitu vidogo vikali juu ya ulimi. Zilikuwa nyuzi za shaba. Nilizitema chini. Nilitazama waya, nikaona karibu nusu ya nyuzi zimekatika.

Nilijua, Kahindo. Usije ukadhani sikujua. Nilipaswa kukata pale na kuvua upya. Lakini nikipima, waya ungepungua upana wa vidole viwili, usingefika kwenye betri. Betri ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa sakafuni kwa misumari minne. Ningeng'oa misumari minne, ningesogeza sanduku upana wa vidole viwili, kazi ingekuwa imekwisha. Nami nilikuwa nasikia gari la kurudi Butembo likipiga honi. Nikafunika jeraha kwa utepe mweusi, mizunguko mingi mizuri, nikawasha. Manguredjipa wakasikika wazi kabisa. Kasereka akanipigia makofi.

Jambo ambalo sikulipima ni hili: phonie ikisikiliza inakula umeme kidogo, ikisema inakula mwingi. Waya wangu ulitosha kusikiliza. Kusema uliweza kwa siku chache, ukichemka chini ya utepe, pasipo mtu kuona.

Majuma mawili baadaye akaja mama mmoja kutoka Eringeti, jina lake Mama Katungu. Alikuwa amekimbia na watoto watatu, amepata pa kulala kwa watu Bungulu. Mume wake alikuwa Manguredjipa akichimba dhahabu. Akaketi mbele ya phonie, akamwambia mumewe kwamba watoto wote ni wazima, wako Bungulu, aje. Na alikuwa bado na neno moja: asikate kupitia porini, huko kuna watu wa bunduki, azunguke kwa barabara ya Butembo. Neno hilo halikutoka. Alipofika kwenye "kuya", yaani njoo, sauti ikakatika, na phonie ikafa.

Papa Kasereka alibadilisha betri. Haikusaidia. Mama Katungu akaanza kupiga kelele kwamba amekatwa kwa makusudi. Wiki ile askari walikuwa wakitafuta watu wanaopeleka habari kwa adui kwa njia ya phonie, na majirani wakaanza kunong'onezana, "Ule mutu alinunuliwa." Jioni ile ile Kasereka alikuwa amelala cachot, mahabusu ya askari, bila mkanda, bila viatu.

Mke wake alinitumia habari kwa dereva. Nilifika siku ya tatu. Chumba kimejaa watu, askari mmoja amesimama mlangoni, mtu wa mbali, wa magharibi, anasema Kilingala. Mama Katungu ameketi chini na mtoto mgongoni. Nikafungua utepe wangu na kuliona. Ganda limeyeyuka, nyuzi zimekatika zote, ncha zake nyeusi. Hata kipofu angeelewa. Nikakata, nikavua upya, nikang'oa misumari minne, nikasogeza sanduku. Ilinichukua muda wa kuchemsha chai. Tukaita Manguredjipa, na sauti ya huko ikajibu, "Ule bwana alishaondoka tangu jana. Alikata na pori."

Mama Katungu hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Fundi, alisikia nusu. Nusu tu ndiyo alisikia."

Yule askari akaniuliza, "Panne oyo eza ya nani?" Alitaka kujua hitilafu ile ni ya nani. Swali lilikuwa jepesi. Kulikuwa na mtu mmoja ndani ya kile chumba aliyejua jibu, na mtu huyo alikuwa ameshika jibu lenyewe mkononi.

Nikasema, "Ya machine, chef."

Kisha nikatia kipande cha waya kilichoungua mfukoni, nikapanda gari la kurudi. Nilijiambia kwamba nikisema ni mimi watanifunga pamoja naye, nina watoto wanne, wataniita msaidizi wake. Huenda ni kweli. Sitajua kamwe, kwa sababu sikujaribu.

Mume wa Mama Katungu alitokea Bungulu siku ya tisa. Watu wa bunduki walikuwa wamemvua kila kitu, hata shati, akajificha porini akila ndizi mbichi, lakini alikuwa mzima. Alieleza mwenyewe kwamba sauti ilikatika ghafla kama betri inayokufa, na hapo ndipo walipomwachia Kasereka. Hesabu mwenyewe, mtu yule alilala chini siku sita baada ya mimi kuijua kweli. Alitoka akiwa mgonjwa wa kifua, na kifua hicho utakisikia kikikohoa asubuhi ukiwa unafagia atelye.

Na unajua nini kinachoniuma zaidi? Ananishukuru. Kwake mimi ni ndugu aliyeteremka kutoka Butembo siku za hatari akamtengenezea phonie bila kuchukua kitu. Mwezi uliopita alipokuja hapa kukuomba uwe mwanafunzi wake wa kazi, ulikuwa unampa maji ya kunawa, ulisikia alivyosema: "Mutoto ya Kambale hawezi kuniangusha. Siku niko cachot, batu bote balinikimbia, baba yake alikuya. Wasingya kutsibu, Kambale." Mimi nikaipokea asante ile kubwa ya lugha ya kwetu kwa tabasamu, nikamega fufu. Lile tonge lilinikaba, mama yako akanipiga mgongoni akidhani ni pilipili.

Nafasi yako umeipata kwa sababu hiyo, binti yangu. Mkono wako ni mzuri, na ungeistahili bila mimi, lakini yeye amekuchukua kwa ajili ya wema ambao sikumtendea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka minne, na kesho ingeingia nyumbani kwa watu pamoja na mkeka wako. Siwezi kukuacha ule kwenye sahani ile bila kujua nani aliipakua.

Kile kipande cha waya umekiona. Kimo ndani ya kopo la misumari, uliwahi kukishika ukaniuliza mbona sikitupi. Nilikwambia kitafaa siku moja.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kukifunga ndani yake, umpelekee Papa Kasereka, umsomee ukurasa huu, halafu yeye aamue kama utabaki au utarudi. Nilidhani hilo ni ujasiri. Nikafika hapa nikachoka mkono, nikaja jikoni kunywa maji. Ulikuwa unalikunja lile sweta. Ukaniambia, "Papa, barua gani ile murefu? Uko naandikia gouverneur?" Nikasema namwandikia daktari wa meno. Ukacheka sana. Nami nikakutazama ukicheka, nikaona kwamba nilikuwa karibu kukutuma wewe ukasogeze sanduku nililoshindwa kulisogeza mimi. Mtoto wa miaka kumi na minane, siku yake ya kwanza ya kazi, asimame mbele ya mtu aliyefungwa, aseme makosa ya baba yake.

Nimevaa kofia, nimekwenda kwa dereva. Nimemwambia aniwekee nafasi ya pili. Mama yako alinikuta mlangoni nikirudi.

"Na wewe uko naenda kutafuta nini Beni?"

"Kuko waya moja niliungaka mubaya."

"Tangu siku gani?"

"Tangu zamani."

Akaenda kuongeza mayai ya kuchemsha kwa ajili ya safari. Hakuuliza tena. Nadhani mama yako anajua zaidi ya nilivyodhani, na siku nyingi nimekuwa nikijidanganya peke yangu kwa mzaha wa jino.

Naogopa, nakuambia wazi. Anaweza kukurudisha, na atakuwa na haki. Ikiwa hivyo, utanikasirikia, na wewe pia utakuwa na haki. Tutarudi wote kwa gari la jioni, nitakufundisha mwenyewe ninachokijua, na pinsi ni yako popote utakapokuwa. Lakini pamoja na woga huu mkono wangu ni mwepesi leo, hata mwandiko wangu unauona umenyooka.

Basi hutaisoma Bungulu. Nitakupa kaye tukishapita Maboya, pale abiria wanapoanza kusinzia, nami nitakuwa nimeketi ubavuni mwako nikitazama mashamba. Usinitazame mpaka umalize. Ukimaliza, usiseme kitu, nirudishie tu kaye niitie mfukoni, kwa sababu najijua. Nikifika mbele ya Papa Kasereka, akinikumbatia na kuniita ndugu, nitataka kutania. Nitaanza habari za barabara, za mvua, za bei ya mbao. Hapo, mwanangu, nikanyage mguu kwa nguvu. Ukishanikanyaga nitavua kofia, nitamwekea kile kipande cha waya mkononi, na nitamwambia, "Kasereka, ile panne ilikuwa ya mimi."

Baba yako,
Kambale